Proton na Amri ya Dola: Kilichotoka na Kilichobaki

Septemba 2021 ilifahamika kwamba polisi wa Ufaransa walikuwa wamepata anwani ya IP ya akaunti ya ProtonMail iliyotumiwa na wanaharakati wa mazingira wa Paris. ProtonMail ni huduma ya barua pepe ya Proton, kampuni ya Uswisi, na tovuti yake ilikuwa ikijinadi kwamba kwa kawaida haitunzi kumbukumbu za IP. Wateja walikuja juu, wengine wakadai wamesalitiwa. Ukilifuata tukio hilo hatua kwa hatua, utaona ahadi ya faragha ilikomea wapi.

Polisi wa Ufaransa hawana mamlaka juu ya kampuni ya Uswisi. Kifungu cha 271 cha sheria ya jinai ya Uswisi kinaizuia kampuni kukabidhi data moja kwa moja kwa dola ya nje. Kwa hiyo ombi lilipitia Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, likafika kwa mamlaka za Uswisi, nazo zikaiandikia Proton amri. Andy Yen, mkuu wa kampuni, alieleza kwamba hapakuwa na njia ya kisheria ya kuipinga amri ile.

Proton haikuwa na orodha ya IP za zamani. Ilichoamriwa ni kuanza kurekodi, kwa akaunti ile. Na kurekodi kuliwezekana, kwa kuwa kila unapofungua akaunti yako, kifaa chako hakina budi kuiambia seva majibu yarudi wapi. Seva huiona anwani hiyo, itake isitake. Kutoitunza ni uamuzi wa kampuni tu, na uamuzi wa kampuni dola inaweza kuutengua. Baadaye Proton ilibadili maneno ya tovuti yake na kuwashauri wenye hofu watumie Tor, mtandao unaopitisha mawasiliano katika vituo kadhaa hadi seva ikione kituo cha mwisho pekee.

Maandishi ya barua yenyewe hayakutoka. Yalikuwa yamefungwa kwa ufunguo unaolindwa na nywila ya mtumiaji, na Proton haina nywila hiyo. Lakini anwani ya anayeandika, ya anayeandikiwa na hata kichwa cha barua havifungwi kwa namna hiyo. Mpelelezi anayetafuta nani anawasiliana na nani huenda asihitaji kusoma hata sentensi moja ya ndani.

Lavabit, huduma ya barua pepe ya Texas, ilikwama mahali pengine. Mwaka 2013 serikali ya Marekani ilikuwa ikiifuatilia akaunti ya Edward Snowden, mfichuaji wa siri za ujasusi wa nchi hiyo, na mahakama ikaamuru Lavabit itoe ufunguo wa siri wa tovuti yake. Ufunguo huo ndio uliolinda mawasiliano ya wateja wote, takriban 400,000. Anayeushika angeweza kunasa nywila zinapopita kwenda kwenye seva, kisha azitumie kufungua barua zilizohifadhiwa. Ladar Levison, mwenye huduma, kwanza aliuchapisha kwa herufi ndogo mno kwenye kurasa 11. Mahakama ikamtoza faini ya dola 5,000 kwa kila siku ya ukaidi. Aliutoa, na tarehe 8 Agosti akaifunga huduma. Ujasiri wake haukuweza kuziba kasoro ya muundo: mlango wa mtu mmoja ulifunguliwa kwa ufunguo wa watu wote.

Signal, programu ya ujumbe, ilipoletewa hati ya kisheria kutoka Virginia mwaka 2016, haikuhitaji ushujaa. Ilijibu kwa vitu viwili: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa na seva mara ya mwisho. Orodha ya marafiki, makundi na ujumbe havikuwamo kwenye hifadhi yake. Aprili 2023 polisi wa Uswidi walifika katika ofisi ya Mullvad, huduma ya VPN (inayopitisha mawasiliano ya mteja kwenye seva zake ili kuficha IP yake) iliyoko Gothenburg, wakiwa na hati ya upekuzi. Mullvad humpa mteja namba tu bila kumuuliza jina wala barua pepe, na haitunzi kumbukumbu za matumizi. Polisi waliondoka mikono mitupu.

Hata hivyo, huduma moja ikiwa makini, nyingine inaweza kuwa mwanya. Mwaka 2024 ilibainika kwamba katika uchunguzi wa Hispania kuhusu harakati za Catalonia, Proton ilikabidhi anwani ya barua pepe ya akiba ambayo mteja aliiweka mwenyewe ili asipoteze akaunti. Anwani hiyo ilikuwa ya Apple, na Apple ilikuwa na utambulisho wa mteja huyo. Hapakuvunjwa kufuli lolote.

Kwa hiyo kuuliza kama kampuni itakataa amri ni kupoteza muda. Kampuni yenye ofisi, akaunti ya benki na wafanyakazi hutii sheria ya mahali ilipo, au hufungwa. Yafaa kuuliza mambo matatu: seva yake inaona nini, inaweza kulazimishwa kuanza kutunza nini kuanzia kesho, na ni taarifa gani umeipa ambayo kampuni nyingine inaweza kuitambua. Majibu yamo katika muundo wa huduma na katika ripoti za maombi ya serikali ambazo baadhi ya kampuni huzitoa kila mwaka. Huduma isiyoweza kuyajibu waziwazi inakuuzia nia njema, na nia njema haina nguvu mbele ya amri halali.