Pima Moja ya Ukili

Maonyesho yakiandika "njoo ujaribu mwenyewe", mimi hupita haraka. Mara nyingi mgeni hupewa kitu akichezee dakika tano, apigwe picha, kisha aondoke akidhani amejua. Ila siku ile, wiki ya tamasha la utamaduni, niliingia ua wa Ngome ya Lamu nikitafuta kivuli tu. Ngome hii ilikamilika mwaka 1821, ikawa jela hadi 1984, na sasa ni makumbusho. Kivulini palitandikwa mkeka, na juu yake bibi mmoja ameketi, miguu kainyoosha, ubavuni ana furushi la miyaa lililofunikwa kitambaa kibichi.

Kitambaa kile ndicho kilichonisimamisha. Miyaa ikikauka mno hukatika. Ikilowa mno, ukili hulegea ukishakauka na kuacha matundu. Bibi aliingiza mkono chini ya kitambaa, akachomoa chane, akaipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, akawa ameshajua: hii inafaa, hii irudi. Hakuitazama.

Kazi kubwa ilikuwa imekwisha kabla hajafika pale. Jani changa la mkoma hukatwa kabla halijafunguka, likaanikwa mpaka liwe jeupe, mengine yakachemshwa na rangi. Halafu huja kuchana, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Chane moja ikiwazidi wenzake kwa unywele tu, mstari hupinda, na kombo hilo utalitazama kila ukikaa mpaka mkeka uchakae.

Kijana wa shule akavua viatu, akakaa. Bibi hakumwacha aanze. Mwanzo wa ukili una hila zake, na anayeanza vibaya hachelewi kukata tamaa. Alimwanzia mwenyewe, akamkabidhi kitu chenye urefu wa vidole vinne: chane ipande juu ya mbili, izame chini ya mbili, ikifika ukingoni ikunjwe irudi. Kijana akakaza kwa nguvu zake zote. Ukili ukajikunja kama jani lililoungua.

"Usikamue, mjukuu wangu. Si nguo hiyo."

Akalegeza. Safari hii ukatanuka, ukawa na macho. Bibi akafumua mistari miwili, si zaidi, akamrudishia. Nilimwona akikosea palepale mara tatu, na bibi akifumua mara tatu bila kuguna, huku mkono wake mwingine haujaachia ukili wake mwenyewe. Subira ya namna hiyo sijui hufundishwa wapi.

Kisha likatokea jambo. Kijana aliacha kutazama vidole vyake, akainama kuutazama mkeka aliokalia. Akapitisha ukucha kwenye maungio, pale ambapo ukili mmoja umeshonwa na mwenzake kwa shazia, akaanza kuhesabu. Bila shaka amelala juu ya mikeka tangu utotoni, ingawa siku hizi nyumba nyingi zimehamia ya plastiki. Mkeka uliotundikwa ukutani ungemwambia jina lake na mahali ulikotoka, basi. Huu alikuwa akiusoma kwa kidole.

"Huu umechukua siku ngapi, bibi?"

Bibi akacheka. Alisema hausuki kwa siku. Anausuka baada ya kupika, anausuka akimsubiri mtu, anausuka msibani.

Adhana ya alasiri ilipokaribia bibi aliomba vipande vya wageni wote waliojaribu siku ile, akavipanga gotini. Kimoja kilikuwa chembamba kama mkanda, kingine kimetanuka katikati kama chatu aliyemeza mbuzi. Hakurekebisha hata kimoja. Alisema atavishona pamoja, kitoke kitanga cha kuanikia samaki.

Cha kijana hakikufika shibiri. Bibi, kwa muda huohuo, na maneno yote yale, alikuwa ametimiza pima.