Shaka Ndani ya Ngome: Uaminifu na Usaliti katika "Tower of Babel"

Katika hadithi za katuni za Kimarekani, umoja wa majagina ulichukuliwa kwa muda mrefu kuwa jambo lisilohitaji kuelezwa. Justice League of America ilipozuka mwaka wa 1960 katika toleo la 28 la The Brave and the Bold, mtunzi wake, Gardner Fox, hakuona haja ya kuuliza kwa nini watu wenye nguvu za kutisha kiasi hicho waaminiane. Adui hutokea, wanachama hugawanyika makundi makundi, kila kundi hutimiza fungu lake, kisha wote hukutana na kushinda. Mwaka uliofuata, Stan Lee na Jack Kirby waliwaleta Fantastic Four, watu wanne wanaozozana karibu tangu kurasa za mwanzo. Hata hivyo, mzozo huo ni wa watu wa nyumba moja. Hausemi lolote kuhusu shaka, kwa maana anayezozana hutoa la moyoni, ilhali anayeshuku hulificha.

Kimya hiki cha mwenye shaka ndicho anachokishughulikia Mark Waid katika "Tower of Babel", yaani Mnara wa Babeli, hadithi iliyochapishwa na DC Comics mwaka wa 2000 katika matoleo ya 43 hadi 46 ya JLA, sehemu kubwa ya picha zake zikiwa kazi ya Howard Porter. Msuko wake si mgumu. Ra's al Ghul, hasimu wa siku nyingi wa Batman, ananuia kuwapunguza wanadamu duniani kwa kuwapokonya lugha: kwanza maandishi yanakuwa hayasomeki, kisha usemi wenyewe unavurugika. Ili asizuiwe, sharti awalemaze majagina kwanza, na mbinu za kuwalemaza anazipata tayari zimebuniwa. Binti yake, Talia, ameziiba katika hifadhi za siri za Batman, ambaye alikuwa amemwandalia kila mwenzake njia ya kumshinda endapo siku moja angegeuka.

Utajiri wa hadithi hii umo katika mbinu hizo, na inashangaza kwamba mara nyingi hutajwa tu kama orodha ya ajabu ajabu. Aquaman anatiwa hofu ya maji, yaani hofu ya kitu ambacho bila hicho hawezi kuishi. Kasi ya Flash inageuzwa kuwa kifafa. Wonder Woman anafungiwa katika pambano la kinjozi na mpinzani asiyeshindika. Naye, kwa kuwa hajui kusalimu amri, anapigana hadi moyo wake unakaribia kupasuka. Green Lantern wa hadithi hii ni Kyle Rayner, mchoraji kwa kazi, ambaye pete yake huumba chochote anachokiwaza; yeye anapofushwa. Ni dhahiri kwamba hizi si silaha za kawaida. Kila moja ni usomaji wa mhusika. Batman amemsoma kila mwenzake kama mhakiki asomavyo matini, akaitambua sifa inayomfanya awe alivyo, kisha akaigeuza sifa hiyo kuwa kitanzi chake. Adui wa nje asingeweza kubuni hila ya kumuua Wonder Woman kwa ushujaa wake mwenyewe. Inahitaji mtu aliyekaa naye meza moja miaka mingi na kumstahi. Kikulacho ki nguoni mwako, wasemavyo wahenga, lakini Waid ameipa methali hiyo sura ngumu zaidi, kwa kuwa huyu wa nguoni si mhaini. Anaamini kwamba anailinda nguo.

Wasomaji wengi wamemtetea Batman kwa hoja hiyo hiyo. Waliokwisha kutekwa akili na kubadilishwa miili na maadui, husemwa, hawana budi kuwekewa tahadhari. Hoja ina uzito, na hadithi yenyewe haiipuuzi. Lakini kuna tukio la miaka kumi nyuma linalopaswa kuwekwa kando yake. Mwaka wa 1990, katika hadithi ya "Dark Knight over Metropolis", Superman mwenyewe alimkabidhi Batman pete yenye kito cha kryptonite, kitu kinachoweza kumuua, ili awepo wa kumzuia akija kupotoka. Silaha ni ile ile, na hatari ni ile ile. Kinachotofautiana ni mkono ulioitoa. Katika utendi wa Fumo Liyongo pia, siri ya udhaifu wa jagina inatoka kinywani mwake mwenyewe kwenda kwa mwanawe, na uchungu wa usaliti unatokana na kwamba siri ile ilikuwa zawadi. Katika "Tower of Babel" hakuna aliyetoa. Wenzake Batman wamechunguzwa, wakapimwa, wakaandikwa, bila kuambiwa. Walichoibiwa ni nafasi ya kumwamini.

Mtu akitazama kwa jicho hili, udhaifu mkuu wa hadithi unajitokeza. Waid ana Babeli mbili mkononi na hazijui kukutana. Ile ya ulimwengu, ambapo maandishi katika visanduku vya picha yanaparaganyika na watu wanapigana kwa kutoelewana, ni wazo zuri lililotumiwa haraka mno. Mitambo ya Ra's inapoharibiwa lugha inarudi, na hakuna alama inayobaki. Babeli ya pili ni nzito kuliko hiyo: majagina waliorudishiwa lugha yao wanaketi pamoja, kila neno likieleweka barabara, na bado hawaelewani. Mtunzi angeweza kuifanya ya kwanza kuwa kioo cha ya pili. Badala yake ya kwanza imebaki kuwa kisingizio cha mapigano.

Toleo la mwisho, hata hivyo, linafidia mengi. Wanachama wanapiga kura kuamua kama Batman abaki au aondoke. Kura zinalingana pande mbili, na uamuzi unabaki kwa Superman, yule yule aliyewahi kumpa pete. Anapokwenda kumpa habari anakuta Batman amekwisha kuondoka. Amemsoma na yeye pia, kama alivyowasoma wengine wote, na safari hii usomaji wake unamhukumu yeye mwenyewe.

Filamu ya Justice League: Doom ya mwaka wa 2012, iliyoandikwa na Dwayne McDuffie kwa kuitegemea hadithi hii, ilimpa Batman jibu la kujitetea: alipoulizwa mbinu ya kumzuia yeye iko wapi, alisema kuwa mbinu hiyo ni jumuiya yenyewe. Ni jibu la busara, na pengine lina busara kupita kiasi, kwa vile linamsafisha katika sentensi moja mtu ambaye Waid alimwacha achafuke. Kosa kubwa zaidi ni la Brad Meltzer katika Identity Crisis (2004). Humo inafichuliwa kwamba baadhi ya wenzake Batman, miaka mingi kabla, walimfuta sehemu ya kumbukumbu zake kwa sababu alishuhudia jambo walilotaka kulificha. Ufichuzi huo unasisimua, lakini unaharibu. Shaka ya Batman ilipokuwa haina asili, ilikuwa sehemu ya utu wake, na ilimtisha msomaji kwa sababu mtu aweza kuwashuku waliomtendea mema tu. Ikishapewa asili, inageuka deni, na deni lina mwenye kulipa.

Waid alitafuta njia nyingine. Katika toleo la 50, mwaka wa 2001, wakati wa kupatana ulipofika, Batman hakuomba radhi kwa hotuba. Alivua kinyago, akawaonyesha uso na jina lake hata wale ambao kwa miaka yote hiyo hawakuujua. Kwa mara ya kwanza walikuwa na kitu chake ambacho wangeweza kumdhuru nacho, na ni yeye aliyewapa.