Mfupa Ukatwe, Usiungue

Toboa mninga kwa keekee butu, utasikia harufu kabla hujaona moshi. Seremala mzoefu akiinusa tu anasimama, anaichomoa keekee, anaipuliza. Daktari wa mifupa naye anaijua harufu ya namna hiyo, ila yeye akiisikia amekwisha kuchelewa. Mbao ikiungua kidogo haina neno. Mfupa ulioungua huilegeza skrubu iliyofungwa humo.

Na joto la kuua mfupa si kubwa. Mwaka 1983, Eriksson na Albrektsson wa Göteborg, Sweden, walipachika kidirisha cha titani kwenye mifupa ya sungura hai, wakawa wanachungulia kwa hadubini. Nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika 5 zilitosha: mfupa ulinywea, seli za mafuta zikachukua nafasi yake. Chai tunayoipuliza ndipo tuinywe ina moto kuliko huo!

Ndiyo maana mkono wa daktari hodari unapendeza kuutazama. Hatoboi mfululizo hadi ng'ambo. Anaingiza, anatoa, anaingiza tena, na kila mara unga wa mfupa unatoka na joto lake; kando yake msaidizi anamwagia maji ya chumvi kwa bomba la sindano. Wala hakandamizi kwa woga. Wengi hudhani kubonyeza kidogo kidogo ndiko kuuhurumia mfupa, kumbe keekee inayoguswaguswa haikati, inasugua tu, na huko kusugua ndiko kunakoleta moto.

Kisha ikaja leza. Za mwanzo, zile za kaboni dioksidi, ziliacha kingo nyeusi kama mkaa, na waliozidharau hawakukosea. Leza ya erbiamu ndiyo iliyonifanya niketi vizuri. Mwanga wake, wa nanomita 2940, hunyonywa mno na maji, na mfupa una maji ndani yake. Pigo moja fupi, maji hayo yanageuka mvuke kwa kishindo na kurusha chembe za mfupa, zinazoondoka na joto kabla halijasambaa. Ukingo unabaki na vitundu vyake wazi, mahali ambapo msumeno ungeviziba kwa unga. Hata hivyo, mwanga huo nao ukikosa manyunyu ya maji, mfupa hukauka ukaungua. Mwaka 2019 huko Basel, Uswisi, roboti yenye leza ya aina hii ilikata mfupa wa uso wa mgonjwa.

Naistaajabia. Ila keekee ikivuka ganda la pili la mfupa, mkono huhisi ugumu umekatika ghafla, ukasimama papo hapo. Mwanga hauhisi kitu. Kina chake lazima kipimwe na mashine nyingine. Kwangu mimi, fundi bado ni yule anayeinua keekee kwenye taa kabla ya kuanza, akaona ncha imelika, akaiweka kando na kuomba nyingine.