Fundi wa Masalia

Ifakara yuko fundi mmoja ambaye kazi yake haijulikani mpaka iharibike. Anatunza saraka ya watumishi wa shirika ambalo halina haja ya kutajwa, na nilipokaa karibu na meza yake alikuwa akiandaa akaunti za baruapepe zihame kutoka seva ya ofisini kwenda kwenye seva za Microsoft, kokote zinakokaa. Mwingine angebonyeza kitufe cha kusinki, akaenda zake kunywa chai. Yeye alikuwa amechapa majina yote kwenye karatasi, ameweka rula chini ya mstari, anashuka nayo jina kwa jina.

Seva ya zamani ikishazimwa, alama zake hubaki zimeng'ang'ania majina ya watu: namba ya sanduku la barua, jina la seva lilimokuwa, anwani za ziada zisizo na kazi. Ukiyapeleka majina yalivyo, Exchange ya mtandaoni, mfumo wa baruapepe wa Microsoft, inaisoma ile namba ya zamani, inaamini mwenye jina tayari ana sanduku ofisini, na haimjengei jipya. Leseni imelipiwa, jina linaonekana, barua hana. Kwingine anwani moja imekaliwa na watu wawili, aliyestaafu na aliyerithi kiti chake, na mfumo unampa mmoja, wa pili anaikosa. Kwingine ni nafasi tupu tu baada ya herufi ya mwisho, ambayo hakuna jicho litakaloiona. Microsoft wanatoa bure programu iitwayo IdFix ya kuyanusa makosa kama haya, nayo hunusa vizuri. Kuamua ni kazi ya mtu.

Na kuamua ndiko kulikonifanya nikae. Aliyewahi kupalilia mpunga Kilombero anajua kwamba mpunga pori ukiwa mchanga unafanana na mpunga wenyewe, na mkono wenye haraka hung'oa vyote viwili. Karatasi ya fundi ilikuwa na alama tatu: kufuta, kubakiza, kuuliza. Wengi tungedhani alama ya kufuta ndiyo iliyojaa. Iliyojaa ilikuwa ya kuuliza.

Akafika kwenye anwani ya zahanati moja ng'ambo ya Mto Kilombero, ya jina la mradi uliokwisha zamani. Programu ilishaitia rangi nyekundu. Akachukua simu.

“Shikamoo mama. Ni mimi wa kompyuta, Ifakara. Ile anwani yenu ya zamani bado inatumika?”

“Marahaba mwanangu. Inatumika sana. Si ndiyo iliyoandikwa kwenye kibao barabarani?”

Akacheka, akaweka alama ya kubakiza. Rangi ya kibao ilishakauka, na fedha ya kukiandika upya haikuwepo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Anwani ikahamia kwenye sanduku jipya kama jina la pili, na barua zinazotumwa na wasoma vibao zikaendelea kufika.

Lipo pia salio ambalo karibu kila mtu hulidharau: anwani ya ndani ya Exchange, ndefu, imejaa mikwaju, haina sura ya anwani. Mwenye sanduku haijui. Lakini Outlook ya mwenzake ndiyo iliyoikumbuka tangu siku walipoandikiana mara ya kwanza. Ifute, na mtu akijibu leo barua ya miaka mitatu iliyopita jibu linamrudia limekataliwa, ingawa jina aliloandika ni sahihi kabisa. Fundi huinakili herufi kwa herufi, huiweka kati ya anwani za ziada na kuitangulizia alama ya X500. X.500 ni viwango vya kimataifa vya saraka vya mwaka 1988, vilivyobuniwa kabla ofisi zetu nyingi hazijaiona kompyuta, na Active Directory, saraka ya Microsoft iliyokuja na Windows 2000, ilichota mengi humo. Nilipenda kumtazama akifika hapo. Alikuwa anapunguza mwendo.

Bonde hili la Kilombero lina jadi ya kazi hiyo ya kuuliza kabla ya kufuta, hata kama aliyefika juzi na kompyuta mpakato haijui. Maabara ambayo Mswisi Rudolf Geigy aliianzisha Ifakara mwaka 1957, na ambayo tangu 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara, ilianza mwaka 1996 kuandikisha kaya katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga. Kaya zilipitiwa kila baada ya miezi minne, na kila mtu alikuwa na namba yake ya kudumu. Sasa watu wa huku, msimu wa kilimo ukifika, hufunga nyumba na kwenda kulala shambani miezi kadhaa, kulinda mpunga usiliwe. Binti huolewa kijiji cha tatu. Asipounganishwa na namba yake ya kwanza, daftari linamfanya watu wawili: mmoja aliyepotea na mmoja aliyeingia duniani akiwa mtu mzima. Fundi wangu kazi hakuifundishwa chuoni. Aliipata kwa karani mmoja wa madodoso, aliyekuwa hakubali kufunga faili la mtu kabla hajasikia kwa jirani.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuhudumia seva za ofisini za Exchange, ya 2016 na ya 2019, na ofisi zilizokuwa zimejisahau zikakimbizana kuhama. Mkandarasi wa siku hizi Ifakara hafiki. Anaingia kwenye seva akiwa Dar es Salaam, anaandika amri ya mstari mmoja, na masalia ya watu wote yanafutika kabla ya adhana ya magharibi. Ripoti yake inapendeza. Haina rangi nyekundu hata mahali pamoja. Yule mama wa zahanati hayumo ndani yake, na ile anwani ya mikwaju haimo, na barua zitakapoanza kurudi mkandarasi atakuwa ameshalipwa na atasema tatizo ni intaneti ya huko.

Katika ofisi nyingine ya hapo mjini nilionyeshwa gharama za kazi kama hiyo zilivyopangwa. Kuchukua nakala rudufu, kufuta, kusawazisha, kufundisha watumishi siku moja. Kuuliza watu hakukuwa na bei, kwa hiyo hakukuwemo. Fundi anastaafu mwakani. Nafasi yake haitatangazwa. Kazi itaingizwa kwenye mkataba wa huduma, kwa malipo ya kila akaunti.