Mali na Usalama Katika Pumwani ya Macgoye
Katika riwaya ya Coming to Birth (1986), Marjorie Oludhe Macgoye anamleta Paulina Nairobi mwaka 1956, enzi ya Hali ya Hatari, aishi na mumewe Martin mtaani Pumwani. Baada ya mimba kuharibika, Paulina anapotea njia na kulala mikononi mwa polisi. Arudipo, Martin anampiga. Tukiliona tukio hili kama ugomvi wa ndoa tu, tutausahau mtaa. Pumwani, Mwafrika aliweza kujenga nyumba, lakini ardhi ilikuwa ya manispaa. Martin naye ni mpangaji tu. Asiye na mali humgeuza mke kuwa mali, akamlinda kwa shuku ile ile ya askari. Ubora wa riwaya hii, kwa maoni yetu, ni kudhihirisha kwamba ukoloni haukukomea mlangoni.