Mpima Magunia wa Majengo

Kabla gunia la kwanza halijapanda, jukwaa la mizani hufagiliwa. Punje zilizobaki jana, vumbi la pumba, kamba iliyokatika, vyote huondolewa. Kisha mpimaji huinama na kuchungulia chini ya jukwaa, maana mahindi yaliyomwagika hujikusanya pale na kulizuia lisishuke inavyotakiwa. Hutazama kitone cha hewa kwenye kichupa cha usawa, akikaza au kulegeza miguu ya mizani mpaka kitone kikae katikati. Mizani ikiwa ya umeme, huiwasha mapema na kuiacha ipate joto, kwa kuwa asubuhi za Juni na Julai huku juu Ufipa zina baridi kali, na mizani iliyotoka kuwashwa namba yake hutambaa. Mpita njia wa Majengo, Sumbawanga, akiyaona haya anaweza kudhani kazi bado haijaanza. Kazi ndiyo hii.

Ufundi wa kupima mazao hausifiwi sana. Sifa huenda kwa seremala, mfinyanzi na mhunzi, na Ufipa ina haki ya kujivunia wahunzi wake: wazee wa huku waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo, malungu, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Mpima magunia haachi jembe wala chungu. Anachoacha ni namba, na namba hiyo ndiyo inayogeuka malipo ya mkulima, ankara ya mnunuzi, mzigo wa lori na hesabu ya ghala. Mimi namhesabu kuwa fundi kamili. Ufundi wake wote naona ni mmoja: kuondoa kwenye namba kila kisicho mahindi.

Tuanze na gunia lenyewe. Gunia la katani linakaribia kilo nzima likiwa tupu. La plastiki halifiki robo kilo. Kwenye gunia moja nani atahangaika? Lakini lori la magunia 300 ya katani lisipotolewa uzito wa magunia, ankara imeuza karibu kilo 300 za nyuzi kwa bei ya mahindi. Likitolewa uzito wa katani ilhali magunia ni ya plastiki, aliyepunjwa ni mkulima. Kwa hiyo mpimaji mzuri haulizi gunia tupu lina uzito gani kwa mazoea. Hupima kumi yaliyofungwa pamoja, mbele ya pande zote mbili, akagawa, akaandika.

Hapo ndipo ilipo elimu ya kazi hii, nami ningetaka kila mwenye ghala aielewe. Makosa ya mizani ni ya aina mbili, wala hayalingani hata yakiwa ya gramu zilezile. Lipo kosa linaloyumba: gunia hili limesomwa gramu mia zaidi, lijalo gramu mia pungufu, kwa sababu namba haikutulia vizuri au mbebaji aliligusa kidogo. Kosa hilo hujifuta lenyewe. Ukipima magunia 300 kwa kuyumba kwa gramu mia huku na huku, jumla itakosea kilo mbili hivi, wala hakuna atakayelala njaa. Lipo pia kosa linaloegemea upande mmoja. Mizani inayoanzia gramu 200 juu ya sifuri itaongeza gramu hizo 200 kwa kila gunia, na mwisho wa lori zimekuwa kilo 60. Mpimaji asiye fundi hupigana na kosa la kwanza, kwa kuwa linaonekana: namba zinacheza machoni pake. Fundi hulitafuta la pili, ambalo limetulia na lina sura ya ukweli.

Ndiyo maana hujaribu pembe. Huchukua jiwe la mizani la kilo 20, akaliweka kwenye pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, halafu katikati. Namba haina budi kubaki ileile. Hiyo ndiyo ahadi ya zamani ya mizani ya jukwaa. Thaddeus Fairbanks wa St. Johnsbury, Vermont, Marekani, aliyepata hataza ya mizani ya namna hiyo mwaka 1831, alikuwa akihangaika na mikokoteni ya mmea wa nyuzi iliyoletwa na wakulima, na kabla ya hapo mkokoteni mzima ulilazimika kuning'inizwa kwa minyororo ili upimwe. Kwenye mizani yake nyenzo zilizofichwa chini zilikusanya uzito mahali pamoja, popote mzigo ulipokaa. Leo kazi hiyo hufanywa na vihisio vinne vya chuma, kimoja kila pembe, vyenye nyuzi nyembamba zinazotambua chuma kilivyojikunja hata kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Kimoja kikichoka, pembe yake hudanganya. Sasa fikiria ghala lenye mlango mmoja: wabebaji wote huingia upande uleule na hulitua gunia kwenye pembe ileile. Kosa la pembe moja limekuwa kosa la magunia yote.

Jambo linalonishangaza zaidi halionekani kabisa ghalani. Mizani ya zamani yenye mkono na mawe hulinganisha uzito na uzito, kwa hiyo husema namba moja popote duniani. Mizani ya umeme haina jiwe la kulinganishia. Inahisi nguvu ambayo dunia inauvuta mzigo, na mvuto huo hautoshani kila mahali. Karibu na ikweta ni hafifu kuliko kaskazini ya mbali, na juu milimani ni hafifu kuliko pwani. Sumbawanga ipo nyuzi nane hivi kusini mwa ikweta, tena zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ina sababu zote mbili. Mizani iliyorekebishwa London ikaletwa hapa na kuwashwa bila kuguswa itaisoma tani moja ya mahindi kuwa pungufu kwa kilo tatu na nusu hivi. Hata iliyorekebishwa Dar es Salaam itapunguza karibu nusu kilo kwa tani. Kwa lori la tani 30, tofauti ya London ni kilo mia moja na kitu. Gunia zima limetoweka, na hakuna aliyeiba.

Dawa yake ni ya kale: mawe. Fundi wa mizani hupakia mawe ya chuma, akayaleta mahali mizani inapofanyia kazi, akayapanga juu ya jukwaa na kuifundisha mizani upya kwamba hizi, hapa, ndizo kilo mia. Mizani ikihamishwa kutoka Ufipa kwenda Muze, chini bondeni kwenye mpunga, inastahili kujaribiwa tena huko. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mizani ya biashara ihakikiwe kila mwaka, na kazi hiyo ni ya Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002. Stika ya Wakala pembeni mwa mizani ni ya heshima. Ila inasema mizani ilikuwaje siku ya uhakiki. Kuhusu asubuhi ya leo, mwenye kujibu ni mpimaji.

Mkoa wetu wa Rukwa haukuingia jana kwenye biashara ya mahindi. Tangu enzi za Shirika la Taifa la Usagishaji, mkoa huu ulihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi, na leo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake Sumbawanga. Hata hivyo wanunuzi wengi wamempimia mkulima kwa debe na gunia. Debe hupima ujazo. Mahindi yaliyobunguliwa na wadudu hulijaza debe sawasawa na mahindi mazito, na kiganja cha mpimaji huongeza kilemba juu. Lumbesa ni hivyo hivyo ila kwa ukubwa: bei ni ya gunia, mdomo wa gunia umeshonewa nyongeza, na mkulima anauza kilo mia akiwa ametoa mia na ishirini au zaidi. Sheria imeweka ukomo wa kilo 100 kwa gunia, lakini kinachoiondoa lumbesa ghalani ni mizani. Bei ikishakuwa ya kilo, mnunuzi hana faida tena ya kushindilia.

Wapo wanaoamini kwamba uangalifu wote huu ni wa watu wenye muda. Watazame timu iliyozoeana. Wabebaji wawili hutua gunia na kurudi nyuma hatua moja, mikono mbali. Mpimaji hungoja namba itulie, muda mfupi tu, akaitaja kwa sauti. Karani huirudia akiandika. Mkulima anaisoma mwenyewe, kwa kuwa uso wa mizani umeelekezwa kwake. Gunia hushuka, mpimaji hutupa jicho kwenye sifuri, jingine linapanda. Mlango wa upande wa upepo umefungwa, kwa sababu upepo wa Ufipa ukilipiga jukwaa pana huandika namba zake wenyewe. Kila magunia 20 karani hupiga mstari na kujumlisha, ili kosa likiwapo litafutwe ndani ya magunia 20, si ndani ya 300. Lori hujaa haraka kuliko kwa wale wanaokimbia, maana hakuna anayesimama kubishana wala kushusha mzigo urudiwe.

Na ankara inayotoka hapo ina mistari mitatu: uzito ghafi, uzito wa magunia, uzito halisi. Kwa waangalifu upo wa nne, unyevu. Ukomo wa mahindi ya kuhifadhi ni asilimia 13.5. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18, zikikaushwa mpaka kiwango hicho, hubaki karibu kilo 95, bila hata punje moja kupotea. Mfanyabiashara asiyeandika unyevu atapakia Sumbawanga, atapima tena wiki kadhaa baadaye mbali na hapa, na atamtuhumu dereva kwa kilo zilizoondoka na hewa. Aliyeuandika atafungua daftari na kukokotoa.

Ombi langu kwa wenye maghala ya Majengo ni dogo. Kila ghala linunue mawe yake ya kilo 20, yahakikiwe pamoja na mizani, yatunzwe pakavu yasiote kutu, wala yasigeuzwe vigingi vya kuzuia mlango. Yapandishwe jukwaani kila asubuhi mbele ya mkulima wa kwanza kufika, na namba iliyosomwa iandikwe juu kabisa ya ukurasa wa siku hiyo, kabla ya gunia lolote.