Ziara Pepe na Punje Pepe: Uhakiki wa Somo la Kompyuta Kuu Huko Misiera

Elimu ya watu wazima imepata chombo kipya, nacho ni ziara pepe. Mwanafunzi huketi mahali pake, akatazama katika kioo jumba lililo mbali, akaigeuza picha huku na huku kana kwamba anatembea ndani yake. Katika makala haya twapenda kuihakiki ziara moja ya namna hiyo, ile ya kompyuta kuu iitwayo LUMI, iliyoko katika mji wa Kajaani, nchini Ufini. Tuliitumia kufundishia watu wazima wa Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Picha zake tulizihifadhi tukiwa Mbarara, ili siku ya somo tusitegemee mtandao. Wengi wa wanafunzi wetu walitoka Kongo ya Mashariki, wachache Burundi, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha.

Tuanze na sifa, kwani uhakiki wa haki hauanzi kwa lawama. Ziara hii yampeleka mtazamaji pahali ambapo asingeweza kufika kwa miguu yake. Mtambo wenyewe umewekwa katika majengo yaliyokuwa kiwanda cha karatasi, nao waendeshwa kwa umeme wa maji. Joto unalolitoa halipotei, bali hupitishwa katika mabomba likapasha moto nyumba za mji. Jambo hili lilieleweka papo hapo. Mama mmoja alicheka kusikia kwamba mashine yenye jina la theluji, maana hiyo ndiyo maana ya “lumi” kwa Kifini, ndiyo inayowaotesha watu moto. Tulieleza pia kwamba Juni 2022 mtambo huo ulishika nafasi ya tatu duniani kwa kasi ya kupiga hesabu.

Lakini tulipofika mwisho, mzee mmoja aliuliza, “Mwalimu, na watu wa kazi wako wapi?” Swali hilo lilitufedhehesha, kwa kuwa ndilo lililogusa kasoro ya ziara nzima. Tulikuwa tumeonyeshwa makabati, nyaya na mabomba. Kazi hatukuionyeshwa hata kidogo. Tulimwomba kila mwanafunzi aeleze kwa sentensi moja kazi ya mtambo ule, na takribani wote wakajibu kwamba ni kompyuta kubwa sana inayoweka mambo mengi. Mkulima ajua kwamba pepe ni punje yenye ganda lisilo na kiini. Ziara yetu ilikuwa pepe kwa maana zote mbili.

Hata hivyo, si haki kuilaumu picha peke yake. Sisi wenyewe tulikuwa tumesema “kompyuta kubwa”, na neno kubwa ni la kimo na upana. Msikilizaji alifikiri mashine moja jitu, kama sufuria ya arusi mbele ya sufuria ya nyumbani. Kumbe kompyuta kuu ni maelfu ya vichakataji, yaani viungo vya kupigia hesabu, vinavyogawana kazi moja na kupashana habari kila mara. Watu wa kazi aliowauliza mzee ni hivyo. Tulipojaribu kusema ni “salongo”, nyuso zilikunjamana, kwani wenye umri wanaikumbuka salongo ya Zaire ya Mobutu, kazi ya umma iliyofanywa kwa kulazimishwa. Neno “ujima” ndilo lililokubalika. Twajifunza hapa kwamba istilahi haipimwi kwa kamusi tu. Hupimwa pia kwa kumbukumbu za wasemaji.

Somo la pili tulilifanya bila kioo, kwa mahindi. Tuliwaambia: mtu mmoja hupukuchua shehena hii kwa saa 20, kisha mahindi yote hupita katika mizani moja kwa saa 1. Wakija watu 10, kazi yote itachukua muda gani? Walijibu bila kusita: saa 3. Wakija 100? Hapo palizuka ubishi, mpaka mama mmoja akasema kwamba kupukuchua kutakwisha kwa dakika 12, lakini mizani itabaki na saa yake ile ile. Hivyo ndivyo alivyoeleza Gene Amdahl, mhandisi wa Marekani, mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka mpaka wa kasi. Darasa la Misiera lilifika huko kwa hesabu ya kichwa.

Ndipo tukaweza kuzungumza juu ya mvua, jambo linalomhusu kila mwenye shamba. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ambacho tangu 2022 kompyuta yake imo Bologna, Italia, huigawa anga ya dunia katika vijumba vyenye upana wa kilomita 9 hivi. Kila kichakataji hupewa fungu lake, kikakokotoa joto, upepo na unyevu, kisha kikawaarifu majirani, kwani upepo utokao kwa huyu huingia kwa yule. Hesabu hiyo hurudiwa mara 51, karibu kila mara kwa mwanzo uliobadilishwa kidogo. Ikiwa 40 kati ya hizo zaonyesha mvua, matumaini ya mvua ni karibu 8 kati ya 10. Basi neno “utabiri”, ambalo ni lile lile la mpiga ramli, lisituhadae: hapa hapana kauli ya ghaibu, pana hesabu inayokiri mashaka yake. Mtu aliyeelewa hivyo hatamwita mtabiri mwongo mvua isiponyesha, wala hatapanda mbegu zake zote kwa neno moja la redio.

Hatusemi ziara pepe itupwe. Twasema ije baada ya mahindi, isiwe kabla. Tulipoionyesha mara ya pili, yule mzee alinyosha kidole kwenye makabati akauliza, “Na mizani yao iko wapi?” Swali hilo latosha kuwa kipimo. Walimu wenzetu, tukiandaa somo la namna hii tusiridhike na mshangao wa wanafunzi; tungoje mpaka wameanza kuihoji picha.